Kinga ya bomu au kulivunja bomu: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua upande

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Malindi. Ijumaa ijayo shule yao ina mdahalo, na mada waliyopewa si ndogo: je, dunia inalindwa zaidi na mataifa makubwa kubaki na mabomu ya nyuklia ili yaogopane, au na kuyavunja mabomu yote? Kila mwanafunzi anachagua upande mwenyewe. Alikuja kwangu baada ya sala ya magharibi, akaamkia, akakaa kwenye jamvi, akauliza bila kuzunguka: "Mjomba, nishike upi?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Hapa kwetu tukisikia nyuklia tunawaza Uyombo, kule ambako mpango wa kituo cha umeme ulizusha maandamano mwaka 2024, na mawazo yanakimbilia mikoko, samaki na ardhi. Kituo cha umeme na bomu ni mambo mawili, ingawa urani ni ile ile. Haya ni ya bomu tu. Nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote ambaye habari za usiku zinamwacha na swali kama lake.

Pande zenyewe

Upande wa kwanza nauita kinga, kwa kuwa wenyewe wanasema wanajikinga. Mantiki yake mtoto mdogo anaielewa: ukinipiga nitakurudishia pigo litakalokumaliza, kwa hiyo hutanipiga. Ili adui aamini, pigo la kurudisha lazima liwe mahali asipoweza kulifikia. Ndiyo maana tangu mwaka 1969 Uingereza haijapitisha siku bila kuwa na nyambizi yake moja imejificha baharini, makombora tayari. Wenye mabomu leo ni tisa: Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Korea Kaskazini, na Israeli ambayo haijakiri hadharani.

Upande wa pili ni kuvunja. Watu huudhihaki kana kwamba ni kumwambia mtu atupe panga huku jirani kakamata lake. Sivyo. Wanaoutetea kwa makini wanataka wote wavunje pamoja, kwa hesabu, wakaguzi wakiingia hadi ghalani. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kazi mwaka 1970, uliwataka wenye mabomu wajadiliane kwa nia njema jinsi ya kuyaondoa. Wasio nayo walichoka kungoja, na mwaka 2017 nchi 122 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa kupitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo kabisa. Ulianza kazi Januari 22, 2021. Kati ya wale tisa hakuna hata mmoja aliyeutia saini.

Neno kinga lenyewe limenishughulisha. Kwetu ni ngao, lakini pia ni kijinga, ukuni unaowaka ncha moja. Waliosema kinga na kinga ndipo moto uwakapo walikuwa wanaangalia jiko la mafiga: ukuni mmoja peke yake hufuka moshi na kufifia, usogezee wa pili, ndimi zinapanda. Sidhani kuna sentensi iliyoeleza vizuri zaidi hatari ya wawili wanaojikinga kwa moto ule ule.

Kinga imefanya nini

Tuwe waadilifu. Tangu Nagasaki, Agosti 9, 1945, hakuna bomu la nyuklia lililotumika vitani. Ulaya iliyopigana vita viwili vya dunia ndani ya miaka thelathini na kidogo haijaona cha tatu. Marekani na Urusi ya Kisovieti zilichukiana miaka arobaini na zaidi bila majeshi yao kukabiliana uso kwa uso katika vita kamili. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Kisovieti walifika ukingoni, wakachungulia, wakarudi nyuma. Anayesema hofu haikuchangia hapo hasemi kweli. Waliijua Hiroshima, ambako hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, na Nagasaki ambako walikufa kama 74,000.

Lakini amani hiyo ilikuwa ya nani? Vita havikukoma, vilihama. Vilikwenda Korea, Vietnam, Angola. Wala bomu halikuwazuia wote waliotaka kumchokoza mwenye nalo: Argentina ilivamia visiwa vya Falkland mwaka 1982 ikijua Uingereza ina nyuklia. India na Pakistan zilifanya majaribio Mei 1998, na mwaka uliofuata zikapigana milimani Kargil. Mei 2025 zilipigana tena kwa siku nne, makombora na droni zikivuka mpaka, na dunia nzima ikashika roho mkononi.

Kwa hiyo kwenye safu ya kinga mpwa wangu aandike: imezuia vita vikubwa kati ya wakubwa, mpaka sasa. Na maneno mawili hayo ya mwisho ayapigie mstari.

Pale inapovuja

Hapa ndipo nilipokaa sana, kwa sababu ya kitu ambacho sisi wa Malindi tumekiona kwa macho.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Ngomeni. Huko, baharini, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya kurushia roketi, San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi tisa zilipeleka satelaiti angani kutoka pale. Moja iliruka Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, ikabeba satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Babu alisimulia jinsi alivyokuwa akivuta jarife, mara mwanga ukatoka majini, kimya, halafu ngurumo ikafika nyuma yake na mashua ikatetemeka chini ya miguu. Akabaki ameshika kamba, anautazama mkia wa moshi ukipinda kwa upepo. Hakujua ndani mna nini. Kwa kuangalia tu, hakuwa na njia ya kujua. Roketi zile zilikuwa za Kimarekani, aina ya Scout, na hatua yake ya pili ilitokana na kombora la kijeshi liitwalo Sergeant. Kinachopeleka darubini na kinachopeleka bomu ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa mwondoe babu kwenye mashua, mweke mwanajeshi mbele ya rada. Januari 25, 1995 wanasayansi walirusha roketi ya utafiti kutoka Andøya, Norwei, kuchunguza mianga ya anga la kaskazini. Walikuwa wameiarifu Urusi wiki kadhaa kabla, ila taarifa haikuwafikia walinzi wa rada. Walichoona wao ni kitu kinachopanda kwa namna ya kombora la Marekani linalotoka kwenye nyambizi. Mkoba wa nyuklia, ule wa kutolea amri ya kurusha makombora, ukafunguliwa mbele ya Rais Boris Yeltsin. Kulikuwa hakuna ugomvi siku ile, Vita Baridi vimeisha, na hicho ndicho kilichotuokoa: Warusi walikuwa na moyo wa kusubiri. Roketi ikaangukia baharini. Fikiria taarifa hiyo hiyo ikipotea leo.

Septemba 26, 1983 moyo huo haukuwepo. Wiki tatu na ushei nyuma Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Luteni kanali Stanislav Petrov yuko zamu ya usiku karibu na Moscow. King'ora kinalia, satelaiti inasema Marekani imerusha kombora, kisha la pili, hadi matano. Kazi yake ni kuripoti juu. Akawaza kwamba anayeanza vita vya namna hii haanzi na matano, akaripoti kuwa mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea kweli: jua lilikuwa limeakisiwa na mawingu. Na kabla yake alikuwepo ofisa Vasili Arkhipov, Oktoba 27, 1962, ndani ya nyambizi ya Kisovieti B-59 karibu na Cuba, joto la kukaushia samaki, hewa nzito, Wamarekani wakidondosha milipuko ya kuwaonya juu ya vichwa vyao. Nahodha alitaka kufyatua topido ya nyuklia. Arkhipov alikataa.

Watetezi wa kinga husema, unaona, mfumo ulifanya kazi. Mimi naona watu wawili waliokwenda kinyume na mfumo. Kama wangekuwa wenzao zamu ile, sijui kama mama yangu angezaa.

Mwavuli wa mwenye nguvu

Kuna nchi zisizo na bomu zinazojificha chini ya bomu la rafiki: Japani, Korea Kusini, wanachama wengi wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Huitwa mwavuli. Tukilinganisha pande mbili hatuwezi kuuacha, maana ndiyo kinga inayouzwa kwa wanyonge kama sisi.

Malindi iliununua mwavuli zamani. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498, Mombasa ikiwa imemkatalia, mfalme wa Malindi alimpokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba kule baharini, watalii wanapigia picha. Hesabu ya mfalme ilikuwa ya kinga: Mombasa ni jirani mkubwa na mkali, Wareno wana mizinga, tukiwa nao hatuguswi. Kwa muda ilifaa. Mombasa ilichomwa mwaka 1505, ikapigwa tena 1528, na Malindi ikapumua.

Kisha angalia. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji kutoka pande za Zambezi, walipokuja wakila mji baada ya mji, Wareno waliokuwa Malindi walikuwa wachache mno. Waliouokoa mji ni Wasegeju, majirani wa bara. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa sababu bandari ile iliwafaa zaidi. Wakahamisha makao, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamia huko nyuma yao. Mwaka 1614 mfalme Hasan, wa ukoo ule ule uliowapokea, aliuawa kwa njama ya Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao yao makuu kule India. Mwanawe Yusuf aliasi mwaka 1631. Malindi yetu ikawa magofu na vichaka mpaka ilipoanzishwa upya miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar.

Mla nawe hafi nawe. De Gaulle wa Ufaransa alilijua hilo bila Kiswahili. Hakuamini kwamba Marekani ingekubali New York iteketee ili kuiokoa Paris, na ndiyo maana Ufaransa ilijitengenezea lake. Swali hilo hilo linaulizwa sasa Seoul na Warsaw, na kila wanapolijibu kwa hofu, idadi ya wanaotaka bomu inaongezeka. Hili ni tatizo la kinga ambalo halizungumzwi vya kutosha: kama ni dawa nzuri, kwa nini tisa tu waimeze?

Kuvunja kumefanya nini

Zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, vipatavyo 70,000. Sasa ni kama 12,000, na karibu asilimia 90 ni vya Marekani na Urusi. Havikuoza. Vilivunjwa, vingi kwa makubaliano. Mkataba wa Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Kisovieti, wa Desemba 1987, peke yake uliharibu makombora 2,692, na kila upande ulipeleka wakaguzi wake kwa mwenzake kuhesabu.

Afrika tunao mfano wa pekee. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliunda mabomu sita. Ikayavunja yenyewe, ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea mwaka 1991, na Machi 24, 1993 Rais F. W. de Klerk akalitangazia bunge. Wapo wanaoamini kwamba hawakutaka kuiachia serikali ya Waafrika silaha ile, na huenda ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo mabomu hayapo, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walipitia rekodi na vinu mpaka wakaridhika. Kazakhstan nayo ilifunga uwanja wa Semipalatinsk, uliofanyiwa majaribio 456, Agosti 29, 1991, na ikarudisha Urusi vichwa zaidi ya elfu moja ilivyorithi.

Kisha kuna Ukraine, na hapa upande wa kuvunja unaumia. Ilirithi karibu vichwa 1,900 vya masafa marefu. Ikavitoa, na Desemba 5, 1994 mjini Budapest Urusi, Marekani na Uingereza zikaandika kwamba zitaheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Krimea. Februari 2022 ikaivamia nchi nzima. Libya nayo iliacha mpango wake Desemba 2003, na Gaddafi akauawa 2011. Korea Kaskazini ilijitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea mwaka huo huo wa 2003, ikajaribu bomu lake la kwanza Oktoba 2006, na hakuna aliyeivamia. Juni 2025 Israeli na Marekani ziliipiga Iran, ambayo haina bomu. Kijana wa Tehran akisema somo ni moja tu, jipatie bomu upesi, mimi siwezi kumcheka.

Ila Ukraine inahitaji kutazamwa mara mbili. Vichwa vile vilikuwa ardhini kwake, lakini amri ya kuvirusha ilikuwa Moscow. Na ahadi ya Budapest haikumlazimisha yeyote kuja kupigana. Ilikuwa dhamana ya wino. Zaidi ya hayo, tazama bomu la Urusi limefanya kazi gani katika vita hivi. Limewafanya wengine waogope kuingia. Kinga imemkinga aliyevamia. Anayeitumia Ukraine kutetea kinga inampasa aeleze na hilo.

Udhaifu wa kweli wa kuvunja ni kwamba unahitaji wawili, na mmoja akigeuka mwingine anabaki na hasara. Mkataba wa mwisho wa kuweka mpaka kati ya Marekani na Urusi, uliosainiwa Prague mwaka 2010 na kuruhusu kila mmoja vichwa 1,550 vilivyowekwa tayari, uliongezwa mara moja tu, hadi Februari 2026, na masharti yake hayakuruhusu zaidi. Urusi ilikuwa imekwishasimamisha ushiriki wake tangu Februari 2023. Na ule wa 1987 ulikufa mwaka 2019. Miaka ya kujenga, siku ya kubomoa.

Wasioulizwa

Gharama sitakaa nazo. Kila mtu anajua fedha hizo zingefanya nini. Kinachoniuma ni hawa. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Kongo, na wachimbaji hawakuambiwa inakwenda wapi. Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza Reggane, jangwani Algeria, Februari 13, 1960, Nkrumah akipiga kelele bila kusikilizwa, na ikafanya majaribio kumi na saba nchini humo hadi 1966.

Na vita vyenyewe havitakaa kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kuwa vita vya nyuklia kati ya India na Pakistan peke yake vinaweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni mbili, kwa sababu masizi ya miji inayoungua yatapanda juu na kuziba jua, mimea na samaki vipungue duniani kote. India iko ng'ambo ya bahari hii yetu. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi. Mvuvi wa Malindi hana kura Delhi wala Islamabad, lakini jua ni moja.

Basi ushike upi

Ningezaliwa Kyiv au Seoul, huenda ningechagua kinga, na nisingeona haya. Mwenye jirani mwenye bomu mlangoni hawezi kuambiwa na mtu wa mbali avumilie. Kama msomaji wangu yuko hivyo, namshauri kitu cha katikati: kinga kwa sasa, lakini yenye breki. Ahadi ya kutotumia kwanza, kama China inavyosema tangu 1964. Makombora yasiwe tayari kurushwa kwa dakika chache. Simu ya moja kwa moja kati ya mahasimu, na taarifa ya roketi ifike hadi kwa aliyekaa mbele ya rada.

Lakini kwa aliyezaliwa hapa, mimi nachagua kuvunja. Nikizilinganisha kasoro za pande hizi, hazina uzito sawa. Mkataba ukivunjwa, tunapata miaka mibaya, mashaka, pengine vita vya kawaida ambavyo ni msiba tosha. Kinga ikivunjika mara moja tu, hakuna wa kuandika mkataba mwingine. Na inadai isivunjike hata siku moja, kwa viongozi wote, walevi na wazima, mpaka mwisho wa dunia. Hakuna mtambo wa binadamu wenye rekodi hiyo.

Afrika ilikwishachagua pia. Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo Aprili 11, 1996 na kuanza kazi mwaka 2009, unalifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Umepewa jina la kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Pretoria, katika nchi ile iliyoyavunja mabomu yake sita.

Mpwa wangu alisoma yote haya juzi, polepole, akirudia palipomsumbua. Akaniuliza maswali mawili ya Petrov, moja la babu. Kisha akasema: "Mjomba, wataniua na Ukraine." Nikamwambia watajaribu. Akafikiri, akafuta ukurasa wa kwanza wa hotuba yake, ule uliokuwa na salamu ndefu kwa majaji, akaiandika Budapest hapo juu kabisa, yeye mwenyewe ailete kabla wao hawajafungua midomo. Hiyo ndiyo nafasi yake. Dakika tano wamempa, na sasa hivi anapima kwa saa ya mamake.